Mkalimani na Kontena Namba Saba

Shangazi yangu alikwenda ng'ambo kusomea mitambo ya kufuma vitambaa, akarudi na lugha. Mitambo yenyewe hakuigusa tena maishani. Siku ya pili baada ya kurejea, miaka minne ikiwa imepita, alikwenda hadi kwenye kiwanda kilichompeleka masomoni, akakuta kimefungwa, majani yameota mpaka kwenye ngazi za ofisi. Mlinzi aliyebaki getini alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba kama amekuja kutafuta kazi hapo basi wako wawili, maana hata yeye hajui tena anamlindia nani.

Ikabidi ale kwa lugha. Kwa zaidi ya miaka ishirini alitafsiri maelezo ya dawa za mifugo, vijitabu vya majokofu, barua za watu waliooana na wageni na sasa wanataka kuachana. Hakuolewa, na ukimuuliza sababu alikuwa anasema hakupata nafasi, kama vile mtu anavyosema hakupata nafasi ya kunywa chai. Alikuwa na miaka hamsini na miwili alipoitwa kwenye mradi wa mabasi ya umeme.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Wakati huo nilikuwa nakaa kwake, chumba cha uani, kwa sababu ofisi yetu ya ramani ilikuwa hatua chache kutoka hapo. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia mengine niliyaona, mengine alinieleza mwenyewe, na yaliyobaki nilikuja kuyasikia kwa fundi mmoja wa mradi waliyemwita Msumari.

Karakana ya mradi ilikuwa nyuma ya stendi kuu. Upande mmoja yalipangwa mabasi thelathini, meupe, yasiyo na muungurumo, kiasi kwamba abiria wa mwanzo walikuwa wakimuuliza dereva kama gari limezimika. Upande wa pili, juu ya sakafu ya zege, yalisimama makontena kumi na mawili yenye namba kubwa milangoni. Ndani ya kila kontena mlikuwa na betri zilizopangwa kwenye rafu toka chini hadi darini, na feni za kuzipoza zikivuma mchana kutwa. Jua lilipopiga paneli zilizoezekwa juu ya karakana, makontena yalishiba. Jioni, mji mzima ulipowasha taa na majiko, mabasi yalirudi na kunywa humo badala ya kugombania umeme na wenye nyumba.

Betri na wahandisi walitoka kwenye nchi ile aliyosoma shangazi. Uwanja, nyaya na mafundi vilikuwa vyetu. Kati ya pande hizo mbili palikuwa na mtu mmoja tu anayezielewa zote, naye ndiye shangazi yangu, amevaa kofia ya plastiki ya manjano iliyomzidi kichwa.

Fundi mkuu wa upande wetu ndiye Msumari. Alikuwa mwembamba, mrefu, na ulimi wake ulichoma. Jina lilimkaa kwa sababu zote mbili. Mhandisi wa wageni alikuwa mwanamume mdogo kwa umri kuliko wote wawili, mwenye miwani, asiyeachana na kompyuta yake ya mkononi. Mafundi walimwita Bwana Asilimia, kwa kuwa hata ukimuuliza ameamkaje ungedhani atakujibu kwa asilimia. Shangazi naye walimwita Kasuku, kwani kazi yake ni kurudia ya wenzake. Laiti angekuwa kasuku kweli.

Siku ya kwanza kabisa Bwana Asilimia alikagua nati za rafu, akanyanyuka, akauliza ni nani aliyemfundisha mtu huyu kushika spana, maana hata mwanawe wa miaka sita angekaza vizuri zaidi. Shangazi alimgeukia Msumari akasema, "Mhandisi anaomba, kama hutajali, nati za upande huu zirudiwe kidogo."

Msumari alimtazama mgeni toka kichwani hadi miguuni. "Mwambie nilikuwa nakaza nati yeye akiwa bado ananyonya."

"Fundi anakushukuru kwa maelekezo," shangazi alisema kwa lugha ya pili. "Atazirudia sasa hivi."

Mgeni akatikisa kichwa, ameridhika. Msumari, kwa kuona mgeni ameridhika na jibu lile, akadhani huenda si mtu mbaya, anakubali kuambiwa ukweli. Akazirudia nati. Siku ikapita salama, na shangazi akarudi nyumbani akiimba.

Alifanya hivyo miaka miwili. Hakuona kwamba anadanganya. Aliniambia kwamba kwake ilikuwa kama kupoza uji kabla ya kumpa mtu bakuli. Na ukweli ni kwamba ustadi huo hakuupata ng'ambo. Aliupata nyumbani. Babu na bibi yangu walikaa miaka tisa bila kusemezana, chini ya paa moja, kwa ugomvi ambao mpaka leo hakuna mtu katika ukoo anayekumbuka ulianzaje. Walizungumza kupitia kwa shangazi, mtoto wao wa mwisho. "Mwambie baba yako kama hataki chakula akiache, mbwa yupo." Naye alitembea hatua sita toka jikoni hadi sebuleni, na katika hatua hizo sita sentensi ilikuwa imeshageuka: "Baba, mama anauliza kama utakula sasa." Alikuwa na miaka minane. Nyumba haikuvunjika. Kaka zake, baba yangu akiwemo, wote wanakiri kwamba ni yeye aliyeishikilia.

Kwa hiyo mradi ulisifika. Watu wa wizara walikuja kuutazama, wakasema hawajapata kuona mafundi wa nchi mbili wanaoheshimiana namna ile. Hata ripoti ya mwaka ilitaja maelewano. Shangazi alinisomea aya hiyo tukiwa mezani, akaikunja ile karatasi vizuri, akaitia kwenye mkoba.

Jambo lenyewe lilitokea mwaka wa tatu. Nchi jirani ilikuwa imeomba kuingia kwenye ushirikiano. Ilitaka mabasi yake yavuke mpaka na kuchajiwa kwetu, kwa plagi ileile na kwa makontena yaleyale, na yetu yafanye vivyo hivyo kwao. Mazungumzo yalikuwa yamechukua miezi kumi na minne. Mkataba ulipangiwa kutiwa saini siku ya Alhamisi, palepale uwanjani, na turubai lilikuwa limeshafungwa na viti vimeshafunikwa vitambaa.

Jumatano, kama saa tisa alasiri, Msumari alikuwa anapita nyuma ya makontena akasimama kwenye namba saba. Akanusa. Akaweka kiganja kwenye bati la mlango, akalinganisha na la namba sita. Kisha akaja kwa hatua ndefu mpaka alipokuwa Bwana Asilimia, akiwa anakagua waya wa vipaza sauti, na shangazi pembeni yake.

"Mwambie namba saba linanuka," alisema. "Harufu tamu tamu, kama rangi ya kucha. Na feni moja imebadilisha sauti. Alizime sasa hivi, atoe chaji yote, lisiguswe. Akikataa basi ni mjinga, na siku likiwaka tutaona asilimia zake zitamzimia moto."

Shangazi alinisimulia jinsi alivyofikiri wakati ule, na najua hakunificha. Aliliona turubai. Aliwaona watu wa itifaki wakipanga bendera tatu kwenye meza. Alifikiri kwamba neno "mjinga" likitoka, wale wawili watagombana mbele ya wageni, na kesho haitakuwapo. Akachagua maneno.

"Fundi anasema anasikia harufu kidogo karibu na namba saba. Anapendekeza likaguliwe, mkipata nafasi."

Hayo ya "kidogo" na "mkipata nafasi" hakuna aliyeyasema. Aliyaongeza yeye.

Bwana Asilimia alifungua kompyuta, akatazama namba saba, joto la kawaida, kila kitu kijani. "Harufu?" alisema. "Hapa panapakwa rangi tangu asubuhi. Mtu huyu anatafuta sababu ya kuondoka mapema. Mwambie takwimu ziko sawa. Wageni wakiondoka nitaliangalia, kama bado atakuwa ananusa."

Shangazi akamgeukia Msumari. "Anasema amekusikia, fundi. Ataliangalia."

"Leo?"

Alisita. Aliniambia alisita kama mtu anayepiga chafya, hivyo tu. "Ataliangalia," akarudia.

Msumari akashusha mabega. "Afadhali. Mwambie ahsante," akasema, akaenda kunawa mikono.

Alhamisi saa nane kasorobo mchana, waziri mmoja akiwa bado anahutubia, moshi mweupe ulianza kutoka chini ya mlango wa namba saba. Haukuwa mwingi. Ulitambaa juu ya zege kama maziwa yaliyomwagika. Msumari ndiye aliyeuona kwanza, naye alijua jambo moja ambalo halikuwa kweli, kwamba kontena lile lilizimwa jana yake na kutolewa chaji. Akakimbia kwenda kufungua mlango ili lipate hewa.

Mlango ulimrusha. Watu waliokuwa kwenye viti walisikia kishindo, kisha wakaona ulimi wa moto ukitoka kwa pembeni na kurudi ndani. Bwana Asilimia aliacha kompyuta yake mezani, akamvuta Msumari kwa ukosi wa ovaroli mpaka nyuma ya basi, kisha akawa anapiga kelele kwa lugha yake, na safari hii shangazi alitafsiri kila neno kama lilivyo, kwa sauti iliyowafikia mpaka waliokuwa barabarani: wote watoke, wapite upande wa upepo unakotoka, wafunike pua, maji yamwagwe kwenye namba sita na namba nane, saba liachwe liungue. Kikosi cha zima moto kiliyamwagia makontena yale maji mpaka jua linazama. Namba saba liliungua lote. Mengine yalisalimika, na hakuna aliyekufa.

Msumari aliungua mkono wa kulia na shingo, na moshi ulimwingia kifuani. Wiki ya kwanza hospitali hakuweza kusema kabisa.

Mkataba haukutiwa saini. Badala yake iliundwa kamati, watu watatu wa kwetu na watatu wa nchi ya Bwana Asilimia, na ndani ya siku nne kila upande ulikuwa umeshajua mwenye kosa ni nani. Bwana Asilimia aliandika kwamba hakupewa onyo lolote la haraka, ila dokezo la harufu, likaguliwe nafasi ikipatikana. Msumari, akiwa kitandani, aliandika kwa mkono wa kushoto kwamba alimwambia mhandisi usoni alizime, na mhandisi akakubali. Magazeti ya kwetu yakasema wageni wanatudharau. Huko kwao nao, kama shangazi alivyosoma, waliandika kwamba wenyeji wanajitungia habari. Nchi jirani ikatuma barua ya kistaarabu kusema itasubiri.

Wote wawili walikuwa wameandika kweli tupu, kila mmoja kama alivyoisikia. Mtu mmoja tu duniani alilijua hilo.

Jumapili ya pili baada ya moto nilimkuta shangazi jikoni amesimama, birika linachemka na yeye halioni. Nilizima jiko. Akaniuliza, bila kunitazama, "Mwanangu, ukimficha mtu neno kwa nia njema, linaitwaje?"

Sikujua anachozungumzia. Nikasema itategemea neno lenyewe.

"Ndiyo," akasema. "Na mimi nilidhani inategemea nia." Akaketi, akanieleza yote, tangu nati za siku ya kwanza. Alipomaliza nilifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya kwa shangazi yake. Nikamwambia si kosa lake peke yake, betri ilikuwa mbovu kabla hajafungua mdomo, na tena aliyedharau harufu ni mhandisi.

"Sijasema ni kosa langu peke yangu," alinijibu. "Nasema lipo langu, na hakuna mwingine wa kulisema."

Alianza na hospitali. Nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi mlangoni, na mlango ulikuwa wazi. Msumari alikuwa ameegemezwa kwenye mito miwili, mkono umefungwa bendeji hadi kiwikoni. Sauti yake ilikuwa imeanza kurudi, nyembamba, inakwaruza.

"Kasuku," alisema. "Umeniletea salamu za bwana mkubwa?"

"Sijaleta salamu, fundi. Nimeleta langu." Hakukaa. Alimweleza alichosema kwa mhandisi siku ya Jumatano, kwa Kiswahili, neno kwa neno. Kisha akamweleza alichojibiwa, na alichogeuza.

Muuguzi aliingia, akabadilisha chupa ya maji, akatoka.

"Hiyo ya Jumatano tu," Msumari akasema, "au miaka yote miwili?"

"Miaka yote."

"Ngoja kwanza. Siku ile tulipomaliza nyaya za awamu ya kwanza, ukaniambia anasema hajawahi kufanya kazi na fundi kama mimi."

"Alisema hivyo."

"Kweli?"

"Alisema hajawahi kufanya kazi na fundi anayechelewa kama wewe."

Msumari akaanza kucheka. Kicheko kikamshika kifuani, kikageuka kikohozi, akashika mto kwa mkono mzima mpaka kikohozi kikaisha, na kilipoisha hakukuwa na kicheko tena usoni mwake. "Mimi nilimsimulia mke wangu maneno yale," alisema. "Niliwasimulia wanangu." Kisha akageukia ukutani. "Nenda, dada. Nenda tu."

Alikwenda.

Kamati ilikutana Jumatano iliyofuata, katika chumba cha mikutano juu ya karakana, dirisha likitazama uwanja. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa wizara, mtu wa maneno machache. Mkalimani alikuwa shangazi huyohuyo, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kwamba mkalimani naye anaweza kuwa shahidi. Wote walipokwisha kuketi, yeye hakuketi.

"Mwenyekiti, naomba nianze mimi," alisema. "Na kwa kuwa hakuna mkalimani mwingine, nitajitafsiri mwenyewe."

Alikuwa ameandika karatasi yenye safu mbili. Safu ya kwanza ni lililosemwa, ya pili ni alilolifikisha. Alisoma kila mstari mara mbili, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa lugha ya wageni. Aliniambia kwamba alipofika kwenye neno "mjinga" alisikia ulimi wake wenyewe ukitafuta njia ya kupita pembeni, kwa mazoea, na ilimbidi aushike kama mtu anavyomshika mbuzi kamba. Akalisema. Akasema pia "anatafuta sababu ya kuondoka mapema", na mafundi wawili waliokuwa wamekaa nyuma wakaguna.

Alipomaliza, chumba kizima kilimtazama Bwana Asilimia. Alikuwa amevua miwani na kuiweka juu ya jedwali lake la takwimu. Aliuliza jambo kwa sauti ya chini, na mwenyekiti akasema, "Tafsiri, tafadhali."

"Mhandisi anauliza," shangazi alisema, "mwaka jana baba yake alipofariki, nilimletea pole ya fundi mkuu. Anauliza kama fundi aliisema, au niliitunga."

"Sasa mjibu."

"Aliisema," shangazi akamjibu kwa lugha yake, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Alisema wewe uko mbali na kaburi, na kama unataka kukaa siku moja bila kufanya kazi, yeye atasimamia uwanja na hatamwambia mtu. Sikubadilisha hata nukta. Haikuhitaji."

Kamati iliendelea wiki tatu zaidi. Iligundua kwamba bomba la kupozea ndani ya namba saba lilikuwa linavuja kwenye kiungo tangu lilipofungwa, na kipima joto kiliwekwa mbali na mahali penye joto, ndiyo maana skrini ilionyesha kijani huku rafu ya chini ikiiva. Kosa hilo halikuwa la mkalimani. Lakini ripoti ilisema pia kwamba onyo lilitolewa saa ishirini na tatu kabla ya moto, na likapotea njiani. Shangazi aliachishwa kazi kwa barua ya mistari minne. Hakuomba iangaliwe upya.

Uwanjani walibadilisha taratibu. Sasa mtu yeyote aliyevaa ovaroli, hata akiwa amefika jana, anaweza kuzima kontena bila kumwomba mtu ruhusa, aeleze baadaye. Mkataba wa nchi tatu ulikuja kutiwa saini baada ya miezi saba, ndani ya nyumba, wakalimani wakiwa wawili, kila lugha na wake.

Na wale wawili? Mimi ningetamani kusema walikumbatiana. Msumari alirudi kazini baada ya miezi minne, sauti yake imebaki hiyohiyo ya kukwaruza, na akakuta mkalimani mpya, mtu makini aliyefikisha kila kitu kama kilivyo, na matusi yake. Wiki ya kwanza walikaribia kushikana mashati. Wiki ya pili hawakusemezana. Wiki ya tatu, Bwana Asilimia alimfuata Msumari na chupa ndogo ya kimiminika alichoagiza maabara ya kwao, akaifungua chini ya pua yake, akauliza kama harufu yenyewe ndiyo hiyo. Msumari akasema siyo, ile ilikuwa tamu zaidi. Ikaja chupa nyingine, na nyingine, mpaka ya tano. "Hiyo," Msumari akasema. Tangu hapo kila Jumatatu asubuhi walianza kuzunguka makontena wote wawili wakinusa milango, na mafundi vijana wakawa wanawaita mbwa wa forodha, wakiwa mbali kidogo.

Shangazi alikaa mwaka mzima bila kazi ya kusimama kati ya watu. Aliletewa, akakataa. Alitafsiri karatasi tu, maana karatasi, alisema, hainuni. Nilidhani ataishia hapo. Ndipo ikaja barua ya nchi zote tatu. Walitaka kitabu kimoja cha usalama wa makontena ya betri, kwa lugha zote, kitakachotumika kila kituo upande huu na upande ule wa mpaka. Jina lake lilipendekezwa na Bwana Asilimia. Msumari hakupinga, ila aliweka sharti moja: kila neno la Kiswahili lipite mbele yake kwanza.

Kwa hiyo Jumamosi moja asubuhi nilifungua mlango nikamkuta amesimama, mkono wa kulia una makovu yanayong'aa. Alinisalimia mimi, akauliza habari za ofisi ya ramani. Shangazi hakupewa salamu. Msumari alivuta kiti mezani, akasema, "Tuanze."

Walifanya kazi Jumamosi kumi na moja. Walibishana kuhusu seli ya betri inayoshindwa kushika chaji kama wenzake, shangazi akitaka "seli dhaifu", Msumari akitaka "seli mvivu", kwa kuwa dhaifu unamwonea huruma na mvivu unamtoa. Ikaandikwa mvivu. Kwa betri inayozidi kupata moto kwa moto wake yenyewe, hadi hakuna cha kuizuia, walihangaika Jumamosi mbili nzima kabla ya kupata "joto la kujichochea". Jumamosi ya nne Msumari aliuliza kama chai ipo. Jumamosi ya sita alimwita dada tena. Sikuwahi kumsikia akisema amemsamehe, na sikuwahi kumsikia shangazi akiuliza.

Ukurasa wa tisa ndio uliowashinda. Kitabu cha wageni kilikuwa na ngazi tatu za onyo. Kwa ya kwanza waliandika "Angalia". Kwa ya pili, "Hatari". Ya tatu ni pale moshi mweupe unapotoka chini ya mlango, na kwa lugha ya wageni ilikuwa sentensi ndefu yenye adabu, inayowaomba wafanyakazi wote wasiohusika waondoke katika eneo hilo kwa utaratibu.

Shangazi aliitafsiri vizuri, yote, akamsomea. Msumari akasikiliza huku akijikuna shingo.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Mimi nilikuwa pale. Huyo mtu anayesoma hilo lote atakuwa ameshaiva." Akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, mkono aliojifunza kuandikia hospitali, akapiga mstari juu ya sentensi nzima, akaandika pembeni kwa herufi kubwa: KIMBIA.

Lilipopelekwa kwa Bwana Asilimia, aliandika kuuliza kama neno hilo katika Kiswahili si kali mno, kama halikosi adabu kidogo, na kama hakuna njia laini zaidi ya kulisema.

Shangazi alimjibu siku ileile. "Njia laini zipo nyingi," aliandika. "Nazijua zote. Tuliache hivyohivyo."